Uzito Uliotoka Stoke: Discharge na Albamu Yao ya Kwanza

Historia ya muziki wa Uingereza katika miaka ya 1970 husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kambi mbili. Upande mmoja wamesimama wapiga hevi metali, watu wa nywele ndefu, nyimbo ndefu na solo za gita zisizojua kumalizika. Upande wa pili wanatokea wapanki mwaka 1976 na 1977, nywele zimekatwa, nyimbo ni za dakika mbili, na tangazo lao ni kwamba yeyote anayejua kubana nyuzi kwa namna tatu anaweza kuanzisha bendi. Kwa simulizi hiyo, kambi hizi hazikupatana hadi katikati ya miaka ya 1980, pale bendi za Marekani zilipoanza kuzichanganya waziwazi. Lakini Mei 1982, katika mji ambao wapenzi wa muziki wa London hawakuwa na sababu ya kuutembelea, ilitoka albamu inayoivuruga simulizi yote: Hear Nothing See Nothing Say Nothing ya bendi ya Discharge, nyimbo 14 ndani ya muda usiofika nusu saa. Kila anayeandika juu yake husema kwamba ni panki yenye athari za metali. Kauli hiyo ni ya kweli, ila imesemwa kivivu mno. Discharge walichukua kwa metali kitu kimoja, uzito wa sauti, wakayakataa karibu mengine yote. Tena waliweza kuchagua kwa namna hiyo kwa sababu walitoka mahali ambako kijana wa panki na kijana wa metali walikuwa majirani, na mara nyingi alikuwa ni mtu yuleyule mmoja.

Mahali penyewe ni Stoke-on-Trent, miji sita iliyounganishwa kuwa mmoja: Tunstall, Burslem, Hanley, Stoke, Fenton na Longton. Iko katikati ya Uingereza, baina ya Birmingham na Manchester, na kwa zaidi ya karne mbili iliishi kwa udongo, makaa ya mawe na chuma. Josiah Wedgwood alifungua karakana yake Burslem mwaka 1759, na kutoka hapo sahani na vikombe vya eneo hilo vilisafiri dunia nzima. Matanuri yenye umbo la chupa yalilitia anga moshi mweusi hadi sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 ilipoanza kuyazima. Discharge walianzisha bendi yao mwaka 1977. Mwaka uliofuata, kiwanda cha Shelton Bar, kilichokuwa kimeajiri watu wa mji huo kwa vizazi, kilisimamisha kazi ya kuyeyusha chuma. Januari 1982, miezi minne kabla ya albamu kutoka, hesabu ya wasio na kazi Uingereza nzima ilipita milioni 3. Ukanda huohuo wa viwanda ndio uliokwisha kuipa dunia hevi metali. Black Sabbath walitoka Birmingham, mwendo wa kilomita zipatazo 70 kwenda kusini, na mpiga gita wao Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwanda cha mabati akiwa na miaka 17. Ilimbidi ajitengenezee vifuniko vya vidole, na baadaye azilegeze nyuzi za gita ili aweze kuzibana bila maumivu. Sauti ile nzito na ya chini ambayo leo inatambulisha metali ilitokana kwa sehemu na ajali ya kazini. Nalitaja hilo kwa sababu uzito ninaouzungumzia ulikuwa na kwao, na kwao huko kulikuwa kwa wafanyakazi wa viwandani.

Bendi yenyewe ilianza kama maelfu ya bendi za vijana zilizoigiza Sex Pistols. Terry Roberts, aliyeitwa Tezz, aliimba. Ndugu yake Tony, maarufu kama Bones, alipiga gita. Roy Wainwright, aitwaye Rainy, naye alianza na gita kabla ya kuhamia besi. Mabadiliko yaliyoleta maana yalikuja pale Kelvin Morris, Cal, alipoingia kuwa mwimbaji na Tezz akahamia kwenye dramu. Mwaka 1980 Mike Stone alianzisha kampuni ndogo ya kurekodi hukohuko Stoke, Clay Records, na santuri yake ya kwanza kabisa ilikuwa singo ya Discharge, Realities of War. Ukizisikiliza singo za mwaka huo leo, unasikia bendi iliyokwisha kujua inachotaka kusema ila bado haijapata chombo cha kukisema. Kasi ipo, hasira ipo, lakini gita ni jembamba na dramu zinasikika kama zimepigwa katika chumba cha jirani. Mwaka 1981 ukaja Why, santuri ya nyimbo kumi fupi ambayo wengine huiita albamu. Siwafuati katika hilo, kwani nyimbo zote kumi hazifiki hata urefu wa upande mmoja wa albamu ya kawaida. Hatua kutoka Realities of War hadi Hear Nothing ni ya miaka miwili tu, na hakuna mahali ambapo swali la metali linajibika vizuri zaidi kuliko ndani ya miaka hiyo miwili.

Kilichotokea katikati yake ni Motörhead. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1975 na Lemmy Kilmister, mzaliwa wa Burslem, mmoja wa miji ileile sita ya Stoke, ingawa familia yake ilimhamisha angali mtoto na akakulia Wales. Motörhead walikuwa na nywele ndefu na gita kubwa, kwa hiyo maduka yaliwaweka katika rafu ya metali. Lakini walipiga kwa kasi, Lemmy alikuwa rafiki wa bendi ya panki ya The Damned, na wapanki walikwenda kwenye maonyesho yao bila kuona haya. Mwaka 1979 walitoa Overkill, ambayo wimbo wake wa kwanza unaendeshwa na Phil Taylor akikanyaga dramu mbili kubwa za besi kwa miguu yote miwili, bila kupumzika. Mwaka 1981 santuri yao ya maonyesho ya jukwaani ilipanda hadi nafasi ya kwanza katika chati ya Uingereza. Kijana wa Stoke mwenye masikio hakuwa na namna ya kuwakwepa. Wala Discharge hawakuwa peke yao. GBH, wapanki wa Birmingham, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka uleule wa 1982 kwa kampuni ileile ya Clay, nao wamebeba gita zito la namna hiyohiyo. Gazeti la kila wiki la Sounds, lililotangaza wimbi jipya la hevi metali la Uingereza mwezi Mei 1979, ndilo hilohilo lililowapa nafasi wapanki wa mikoani ambao magazeti mengine yalikuwa yamekwisha kuwazika. Msomaji wake alizikuta kambi zote mbili kwa bei ya nakala moja.

Tusogee karibu na muziki wenyewe, maana hoja hii inasimama au kuanguka hapo. Kiini cha albamu ni mdundo wa dramu ambao baadaye ulipewa jina la herufi ya kwanza ya bendi, mdundo wa D. Katika panki ya kawaida, mguu unapiga dramu ya besi na mkono unapiga snea, kwa zamu, sawasawa kama hatua za mtu anayekimbia. Tezz aliuvunja usawa huo: kati ya pigo moja la snea na linalofuata, dramu ya besi inalia mara mbili, na mara zote mbili inaanguka nje ya hesabu, pale sikio lisipoitegemea. Matokeo yake ni kasi inayojikwaa na kujiinua ndani ya sekunde hiyohiyo, kama lori linaloshuka mlima breki zimekatika. Mbegu ya mdundo huo ilikuwepo kwa bendi ya panki ya Buzzcocks mwaka 1978, lakini kwao ulikuwa mwepesi, wa kuchezeka. Kwa Discharge umeshushwa chini kwenye besi na kupewa misuli ya Motörhead. Tezz alikwisha kuondoka bendi ilipoingia studio kurekodi albamu, na aliyekalia kiti chake ni Garry Maloney, aliyekuwa na bendi ya The Varukers. Mdundo ulibaki palepale. Ulikuwa umekwisha kuwa mali ya bendi.

Kisha gita. Msomaji aliyezoea muziki wa dansi anajua namna gita la solo, la ridhimu na la besi yanavyogawana kazi, kila moja likiliachia lingine nafasi. Discharge walikuwa na gita moja na besi moja, na vyote viwili vinafanya kazi moja. Bones anapiga nyuzi za chini kwa mkono usiopumzika, sauti imevurugwa na amplifaya hadi mwanzo na mwisho wa noti havitofautiki, huku vidole vikihama kwa hatua fupi fupi kwenye shingo ya gita. Rainy anamfuata na besi iliyovurugwa vilevile. Kile kipande kifupi cha gita kinachorudiwarudiwa ndicho kinachobeba wimbo mzima, na hapo ndipo Black Sabbath na Motörhead wanaposikika waziwazi: wimbo wa panki wa mwaka 1977 ulijengwa kwa kiitikio cha kuimbwa na umati, ilhali hizi zimejengwa kwa kipande cha gita. Katika Drunk with Power, bendi inapopunguza mwendo, ukoo unaonekana kabisa, maana kasi haipo tena ya kuuficha. Hapo mtu anasikia kwamba uzito ulikuwa umekaa chini ya nyimbo zote tangu mwanzo.

Sasa tazama walichokikataa, kwa sababu hapo naona akili ya albamu hii kuliko mahali pengine popote. Metali ya Uingereza mwaka 1982 ilikuwa imejaa mazimwi, mashetani, pikipiki na mashujaa wa upanga. Hakuna hata kimoja kilichopita mlangoni. Solo zipo, lakini ni za sekunde chache, noti zinazolia na kukatika kabla mpigaji hajapata muda wa kujionyesha. Hakuna sehemu za kupumzika, hakuna nyimbo za mapenzi, hakuna mwimbaji anayepanda juu kutafuta noti ya kushangiliwa. Cal hafuati hata tuni. Anapiga kelele kwa sauti moja, na mwangwi wa studio unamfanya asikike kama mtu aliyefungiwa katika ukumbi mtupu. Maneno yake ni machache ajabu. Free Speech for the Dumb haina maneno zaidi ya jina lake, likirudiwa mpaka wimbo unaisha. Wapo waliouona uchache huo kuwa ni umaskini wa fikra, wakasema kwamba mtu anayelaani vita anapaswa angalau kueleza sababu zake. Naona wamekosea kupima. Maneno ya Cal ni ya bango la maandamano, si ya hotuba, na bango halilaumiwi kwa ufupi. Sababu zenyewe kila mtu aliyesikiliza alikuwa nazo tayari.

Zilikuwepo kila mahali. Desemba 1979 NATO iliamua kuleta makombora mapya ya nyuklia ya Marekani Ulaya magharibi, mengine yakiwekwa Uingereza. Mwaka 1980 serikali ilichapisha kijitabu cha Protect and Survive kilichowafundisha raia kujitengenezea maficho ndani ya nyumba kwa milango iliyong'olewa na mifuko ya mchanga. Mwanahistoria E. P. Thompson akakijibu mwaka huohuo kwa kijitabu chake, Protest and Survive, na Discharge wakalichukua jina hilo kuwa jina la wimbo. Septemba 1981 wanawake walipiga kambi Greenham Common kuyapinga makombora hayo. Na albamu ilipotoka Mei 1982, Uingereza ilikuwa vitani na Argentina katika visiwa vya Falklands. Hofu ya aina hii haikuwa ngeni kwa metali. Black Sabbath waliimba dhidi ya majenerali katika War Pigs tangu mwaka 1970. Haikuwa ngeni kwa panki pia. Crass, waliokuwa wakiishi pamoja katika nyumba ya shamba huko Essex, walikuwa na msimamo uleule, picha zilezile nyeusi na nyeupe, na kwa hakika maelezo mengi zaidi, kwani santuri zao zilikuja na karatasi za kusoma. Discharge walijifunza mengi kwao. Lakini weka rekodi hizo mbili pamoja. Gita la Crass ni kavu na kali kama sauti ya bati linalokwaruzwa, na msikilizaji anabaki akifuata hoja. Gita la Discharge linamfunika. Siasa zikiwa sawa na hasira zikiwa sawa, kilichobaki kuwatofautisha ni ule uzito, na uzito huo haukutoka kwenye panki.

Pingamizi kubwa kuliko yote linahusu wakati. Mtu anaweza kusema: tunaisikia metali ndani ya albamu hii kwa sababu tu metali ya baadaye iliiga albamu hii. Metallica walirekodi upya nyimbo mbili za Discharge, Free Speech for the Dumb na The More I See, katika Garage Inc. ya mwaka 1998. Anthrax walikwisha kurekodi Protest and Survive mwaka 1991. Tom Gabriel Fischer, aliyeanzisha Hellhammer na kisha Celtic Frost huko Uswisi, amesema mara nyingi jinsi Discharge walivyombadilisha. Masikio yetu yamelelewa na wanafunzi, kwa hiyo tukimsikia mwalimu tunadhani ndiye aliyeiga. Pingamizi hili lina uzito, na nusu yake naikubali bila shida. Metali ya kasi kama tunavyoijua haikuwepo Mei 1982. Kanda ya Metallica ya kutafutia mkataba, No Life 'til Leather, ilirekodiwa Julai mwaka huo, na albamu yao ya kwanza ikaja 1983. Mtu akisikia ndani ya Hear Nothing mwendo wa bendi hizo, anasikia kitu kilichosafiri kutoka Stoke kwenda California, si kinyume chake.

Lakini nusu ya pili haisimami. Overkill ilikuwa madukani miaka mitatu kabla ya albamu hii, Black Sabbath miaka kumi na miwili kabla. Kujengwa kwa nyimbo juu ya kipande cha gita, besi iliyovurugwa na miguu inayotawala dramu, yote yalikuwa katika santuri ambazo vijana hawa walizisikia kabla hawajaingia studio. Na upo ushahidi wa hatua za wanabendi wenyewe. Bones aliondoka mwaka 1982 akaunda Broken Bones, bendi iliyozidi kuelekea metali mwaka baada ya mwaka. Waliobaki nao walielekea hukohuko kwa njia yao, na singo za 1983 na 1984 zikawa za polepole na nzito zaidi. Bendi ikigawanyika na vipande vyote viwili vikashika njia moja, ni vigumu kuamini kwamba njia hiyo haikuwa imeanza ndani ya nyumba ya pamoja.

Hapo linakuja pingamizi la wapanki wenyewe, lenye uchungu zaidi: kwamba metali ndiyo iliyowaua Discharge, na kwa hiyo athari yake isisifiwe. Wanainyooshea kidole albamu ya Grave New World ya mwaka 1986, ambamo Cal anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, bendi ikiwa imevaa mtindo wa metali ya wakati huo, na mashabiki wakaikataa hadharani, jukwaa kwa jukwaa. Albamu hiyo kweli ni mbaya, na hakuna sababu ya kuitetea. Ila itazameni vizuri. Ina yote yaliyokataliwa mwaka 1982: mwimbaji wa kujionyesha, urembo, nyimbo zinazojivuta. Na imekosa kimoja kilichochukuliwa mwaka huo, maana haina uzito. Kosa lilikuwa kuchukua metali bila kuchagua, kwa mkono uleule uliokuwa umechagua vizuri hivyo miaka minne nyuma. Anayeikataa Grave New World hana haja ya kuigeuzia mgongo Drunk with Power.

Mwaka 1982 hesabu za wakati huo hazikuonyesha mengi: nafasi ya 40 katika chati ya albamu za Uingereza, jambo la ajabu kwa kampuni ndogo ya mkoani, kisha kushuka. Kazi kubwa ilifanyika kwingine, kwa kanda na santuri zilizotumwa kwa posta. Sweden, Ufini, Brazili na Japani zilipata bendi zilizouchukua mdundo wa D jinsi ulivyo, nyingine zikaanza hata majina yao kwa silabi ya kwanza ya jina la Discharge: Disfear, Discard, Disclose. Sweden ndiko uzao huu ulikostawi kuliko kote, na huko wapiga metali ya kifo wa mwisho wa miaka ya 1980 walikua wakiwasikiliza wapanki wa Anti Cimex na wenzao, kiasi kwamba mdundo wa Tezz unasikika katika rekodi za watu wasiojihesabu kuwa wapanki hata kidogo. Discharge wenyewe walirudi na kundi la zamani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 walitoa End of Days, mwimbaji mpya akiwa mbele na mdundo wa zamani nyuma yake. Walioichapa ni Nuclear Blast ya Ujerumani, mojawapo ya kampuni kubwa za metali duniani, ambayo ilipofunguliwa mwaka 1987 ilianza kwa kutoa santuri za panki kali ya hadikoo.